Walichokubaliana Wamarekani Wangu Wawili

Vijana mnaojiandaa kwenda Saudia kuendesha magari, maswali yenu nimeshayazoea. Joto likoje, chakula kikoje, kafili, yule mwajiri anayekudhamini, akikushikia pasipoti unafanyaje, Ijumaa mnakutana wapi. Hayo nitawajibu kila nikipata nafasi, hata mkinipigia simu. Lakini lipo moja ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, na ndilo lililonirudisha nyumbani nikiwa mtu mwoga: dereva ayafanye nini maneno anayoyasikia kutoka kiti cha nyuma?

Mimi ni Mwadime, Mtaita. Nimeendesha Saudia miaka ishirini na mmoja. Nilianza na pikapu ya maghala kule Al-Sulay, Riyadh, nikahamia Jeddah kuendesha familia moja, kisha nikarudi Riyadh kuendesha Wamarekani wawili mpaka nilipostaafu. Habari yenyewe ni ya hao Wamarekani, na vyama vyao, na kosa langu. Nitaruka huku na huku, mnivumilie.

Makosa nimefanya mengi. Wiki yangu ya kwanza Al-Sulay nilitia dizeli kwenye pikapu ya petroli. Ilizima katikati ya lango la ghala, malori yamejipanga nyuma yanapiga honi, jua la saa saba linakaanga kichwa. Msimamizi wetu, Mpakistani mwenye ndevu za hina, alikuja akachungulia tangi, akanusa, akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia. "Halas," akasema. Yaani basi, imekwisha. Nikajua nimefukuzwa. Kumbe alimaanisha nisukume gari pembeni. Tuliimwaga ile dizeli, tukaosha tangi, kesho yake nikaendelea na kazi. Kosa la gari lina fundi wake. Ndiyo maana sikuwahi kuyaogopa makosa ya gari kama ninavyoliogopa hili nitakalowaambia.

Jeddah nilifundishwa na Mzee Shaabani. Huyu alikuwa Mzanzibari aliyeingia Jeddah kijana mbichi akazeekea hapo, dereva mkubwa wa nyumba niliyopelekwa. Somo lake la kwanza halikuwa la gia wala breki. Aliingia garini, akakamata kioo cha ndani, akakigeuza.

"Waona nini?" akaniuliza.

"Namwona madamu, mahali anapokaa."

"Ala! Kwani madamu ni lori, kwamba atakupita? Kiinue hicho. Uone kioo cha nyuma na gari zilizo nyuma yako, usione uso wa mtu. Na masikio vilevile."

Nikamwambia masikio hayana pa kuinulia. Akacheka, akanipa kisa chake. Zamani alimsikia bosi garini akisema nyumba ya Jeddah anaiuza. Akamwambia mtunza bustani, kwa nia njema, ili ajitafutie pengine mapema. Yule bwana akaanza kutafuta kazi chinichini, bosi akajua, akamkatia tikiti ya kurudi kwao. Nyumba haijauzwa mpaka leo.

"Mwanangu," akaniambia, "mtu aliyekaa nyuma husema analolitaka. Wewe ukalichukua ukalifanya habari. Alonitia mimi kwenye lile ni ulimi wangu mwenyewe."

Nilimwitikia "ndiyo, Mzee" na nikaliweka somo mahali ambapo vijana huweka masomo ya wazee. Mnapajua.

Sasa mjue habari ya dada yangu, maana bila yeye haya yote ni porojo. Wakesho ni mdogo wangu wa tumbo moja. Anaishi na virusi vya UKIMWI, yapata miaka kumi na mitano sasa. Ndiye aliyenilelea wanangu nilipokuwa huko, na anaishi vizuri, analima, anaimba kwaya, kwa sababu kila siku anameza kidonge kimoja. Kidonge hicho anakichukua kliniki bure, na kliniki hiyo ilikuwa inaendeshwa na msaada wa Wamarekani. Wote pale walilijua hilo, limechorwa hata ukutani. Akikosa kidonge, anaanza kufa. Sitafuti maneno mazuri ya kulisema.

Na mimi kule Riyadh sikuweza kumwambia mtu. Mkienda mtaelewa. Kila mara unapotengeneza ikama, kile kibali cha kukaa, unatolewa damu, na mgeni akipatikana na virusi anarudishwa kwao. Kwa hiyo hata jina la ugonjwa halitamkwi chumbani kwa madereva. Ukiuliza habari ya dawa, kesho watu wanasogeza kikombe chao mbali na chako. Mimi mzima wa afya, lakini niliogopa kuuliza, nikakaa na hofu yangu kimya.

Hapo ndipo Wamarekani walipoingia.

Walikuwa washauri wa mambo ya maghala, wanafanya kazi kampuni moja, wanaishi jengo moja, gari moja. Asubuhi Al-Sulay kuangalia maghala, na mara moja au mbili kwa mwezi tunashuka Jeddah bandarini, safari ya kutwa nzima. Mista Roy alikuwa mrefu, kichwa kinakaribia paa la gari, mtu wa kucheka. Mista Alan mfupi, mwenye tumbo bovu, kila saa anatafuta tembe za kiungulia. Vyama vyao vikubwa kule kwao ni viwili, kimoja alama yake tembo na kingine punda, na sisi madereva tuliviita hivyohivyo. Roy alikuwa Tembo. Alan alikuwa Punda, na nilijitahidi sana nisimwambie jina hilo linasikikaje kwa Kiswahili.

Walibishana kila kitu. Njia ya kupita, ubaridi wa gari, kama kahawa ya jana ilikuwa na iliki. Hapa nawapa siri ya kazi: abiria wakianza kugombana, ongeza ubaridi kidogo na upunguze mwendo kidogo. Wakihisi baridi wanajikunyata, na aliyejikunyata hapigi kelele. Nimetumia miaka mingi, kwa mume na mke, kwa ndugu wa mirathi, haijawahi kunitupa.

Siri nyingine ndiyo iliyoniponza. Abiria wanaobishana njia kila siku, siku wakikubaliana njia moja, ifuate macho yamefungwa. Nyumba ya Jeddah, madamu na bosi walibishana njia ya kupandia Taif kwa miaka, na kila walipokubaliana tulifika salama bila foleni. Nikaifanya sheria yangu. Mzee Shaabani hakunifundisha hiyo, niliitunga mwenyewe, na nilijivunia.

Asubuhi ya baada ya uchaguzi wao wa rais, Tembo wakiwa wameshinda, Roy aliingia garini anapiga mluzi. Alan aliingia kama mtu anayetoka mazikoni.

"Kubali tu yaishe," Roy akamwambia. "Madereva, mafundi, vibarua, wote wamekihama chama chenu wamekuja kwetu. Hatutoki tena madarakani kizazi kizima."

"Mlisema hivyo hivyo zamani," Alan akajibu. "Subiri miaka miwili. Watu watachoka, uchaguzi wa wabunge ukija tunalichukua bunge, na miaka miwili mingine tunaichukua Ikulu."

"Mtaichukua na nani? Mna nani nyinyi?"

"Tutampata."

Mimi nikaongeza ubaridi. Nilicheka moyoni, kwa sababu kwetu sisi mtu akishindwa huwa hajiulizi atarudi vipi. Anahamia kwa mshindi kabla kura hazijamalizika kuhesabiwa, anapewa kiti, tunasahau. Hawa walikuwa na hamu ya kweli ya kubaki walipo. Lakini kicheko hakikukaa, maana nilikuwa nimesikia redioni kwamba chama kilichoshinda kinataka kupunguza misaada ya nje, na tangu hapo kila neno la kiti cha nyuma nililipokea shingo imekakamaa, nikitafuta jina la kliniki ya Wakesho ndani yake.

Chumbani kwa madereva nikawa nawahoji watu mambo ya Amerika mpaka wakanipa jina. "Mheshimiwa amekuja!" Barasa, Mkenya mwenzangu wa lori, alikuwa akipiga kelele nikiingia. "Mheshimiwa, Punda wanaendeleaje? Wamepata nyasi?" Wote wanaangua kicheko juu ya chai yao. Nami nacheka. Nifanyeje? Kuuliza habari za Tembo na Punda ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuuliza habari za dada yangu bila mtu kujua.

Nyumbani nako hofu ilikuwa imeingia. Muuguzi wa kliniki, mama mwenye busara zake, aliwaita wanawake wa kikundi cha Wakesho, wenzake wa dawa, akawaambia: hatujui mwaka ujao utakuwaje, anayeweza aje kabla ya Krismasi nimpe dawa za miezi mingi. Wakesho akanitumia sauti ya simu. Kliniki iko mbali, foleni inaanza alfajiri, na msimu wa kupanda umefika. "Kaka, wewe uko karibu na hao wazungu. Kweli watatukatia? Nikahangaike na foleni au niache?"

Siku mbili nikalibeba swali hilo. Siku ya tatu, taa nyekundu karibu na Al-Sulay, nikavunja mwiko. Nikajifanya mjinga, si kazi ngumu sana kwangu.

"Bosi, samahani. Redio ilikuwa inasema zile kliniki zenu za dawa kule Afrika labda zitafungwa. Ni kweli?"

Roy akacheka, cheko la upole. "Zile? Hapana, Mwadime. Mpango ule ulianzishwa na chama chetu, sisi Tembo. Tunaujivunia. Hakuna mwendawazimu wa kuugusa."

Nikasubiri Alan apinge. Alikuwa anapinga mpaka hali ya hewa.

"Hapo nakubaliana naye," Alan akasema. "Ni kitu kimoja ambacho vyama vyote viwili vinakipenda. Hakiguswi hicho. Na andika tarehe, maana hutatusikia tena tukikubaliana."

Wakacheka wote wawili. Mimi nikacheka kwa sauti, mara ya kwanza katika miaka yote niliyowaendesha, mpaka gari la nyuma likanipigia honi kwamba taa imewaka kijani. Machozi yalikuwa yananitoka. Wakadhani ni ya kicheko.

Nilipowashusha tu, sikungoja hata kuegesha vizuri. Nikatoa simu nikarekodi. Maneno yangu nayakumbuka yote, kwa sababu nimeyasikiliza tena mara nyingi kuliko nilivyotaka:

"Wakesho, tulia dada yangu. Nimesikia kwa wenyewe, wa Tembo na wa Punda, na hawa hawajawahi kukubaliana kitu. Wote wamesema dawa haziguswi. Msijitese na foleni. Pandeni mahindi yenu."

Mnaona? Ndilo kosa hilo. Na sikusema "msijitese" kwa dada yangu peke yake. Nilisema kwa wingi, kwa kujivuna, kama mtu anayehutubia. Wakesho akakisikilizisha kikundi kizima, wanawake kumi na mmoja, chini ya paa la kanisa. Akawaambia, kaka yangu yuko Saudia, anawaendesha Wamarekani wenyewe. Wengi hawakwenda. Na Wakesho mwenyewe hakwenda.

Rais mpya aliapishwa, na siku chache tu baadaye amri ikatoka kwamba misaada yote isimame kwanza. Yote. Wakesho alinipigia mchana, nikiwa nje ya ghala nawasubiri.

"Kaka, mlango umefungwa. Kuna karatasi imebandikwa. Muuguzi ameambiwa asiguse hata kabati."

"Una za siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

Akaendelea, kwa sauti ya chini kama anayeogopa kunipiga. "Kuna msichana hapa kikundini, Neema. Ana mimba ya miezi sita. Yeye ana za siku sita. Alikuwa aende siku ile, akasikia sauti yako, akaghairi."

Sikumlaumu rais, sikumlaumu Tembo wala Punda. Wakati ule nilimwona Mzee Shaabani tu, amekamata kioo, ananitazama. Mimi nilikuwa mzee kuliko alivyokuwa yeye siku ile alipomwambia mtunza bustani, na bado nilikuwa nimefanya lilelile.

Jamani, nisiwafiche, niliogopa. Nililipita lango la ghala nililoliingia miaka na miaka, nikaenda mpaka mzunguko wa mbele ndipo nikashtuka. "Mwadime, unaumwa?" Roy akauliza. "Mafi mushkila, bosi," nikajibu, hakuna shida. Usiku silali, mchana nahesabu: kumi na nane, kumi na saba. Nilifika mara mbili mlangoni pa duka la dawa nikarudi. Ningesema nini? Nataka vidonge vya virusi? Vya nani? Ikama yako iko wapi? Na hata wangeniuzia, na hawaviuzi hivyo, ningevifikishaje Taita? Nikarudi garini nikakaa na jasho, injini inanguruma, ubaridi umewaka mpaka mwisho.

Siku ya kumi na tatu tulikuwa njia ya kushuka Jeddah. Jangwa kushoto, jangwa kulia, na nyuma yangu wanabishana kama kawaida. Roy alikuwa amepungua kucheka. Alan ndiye aliyekuwa na moto.

"Hii itawamaliza nyinyi," Alan alikuwa anasema. "Watu wakiona mmefungia wagonjwa dawa, uchaguzi wa wabunge tunawafagia. Miaka miwili tu, Roy. Miaka miwili tunarudisha kila kitu."

Miaka miwili. Aliisema kwa furaha, kabisa, kama mtu aliyepata karata nzuri.

Nikawasha taa ya pembeni, nikatoa gari barabarani, nikasimama. Hilo msilifanye, vijana, barabara ile malori hayana huruma. Nikageuka nyuma. Miaka yote niliyowaendesha sikuwahi kugeuka nyuma.

"Bosi, dada yangu ana dawa za siku sita. Kuna mwingine, ana mimba, zake zimeshaisha wiki nzima. Mlisema haziguswi. Wote wawili mlisema. Nikawaambia watu wasiende kuchukua."

Upepo ulikuwa unasukuma gari kidogo kidogo. Halafu nikamwona Alan, ambaye nilikuwa nimempa chupa ya maji muda mfupi uliopita, anaitazama ile chupa, anaifunga polepole, anaiweka chini mlangoni. Alikuwa hajainywa. Hakuinywa tena mpaka Jeddah. Sitaki kumhukumu, pengine tumbo lilimkataa, lakini mimi niliiona ile chupa na nikajua sasa ninarudishwa kwetu.

Roy alifungua mlango akashuka, akasimama kwenye jua na ile suti yake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Nilimpigia kura rais huyu," akasema. "Nitamwandikia mbunge wangu leo." Akatoa simu, akaanza kuandika, akafuta, akaandika, akafuta. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Siku hizi chama chetu mtu akipinga anatupwa nje. Na huyu mbunge anaogopa kutupwa. Na mimi mkataba wangu unaidhinishwa na watu wanaomjua." Mtu mzima, mrefu vile, anaiogopa simu yake mwenyewe. Hapo nilitishika zaidi. Nilidhani woga ni wa sisi tunaokaa mbele.

Aliituma, lazima niseme ukweli. Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi: tunakushukuru kwa kutuandikia.

Hawakunishtaki. Alan alinunua chupa zake mwenyewe toka siku hiyo, na mimi nikapimwa nilipotengeneza ikama, nikaonekana mzima, wakatulia. Kule nyumbani dawa zilirudi kidogo kidogo, leo za wiki mbili, kesho za wiki moja, serikali inakopa huku na kule. Wakesho alikaa siku ishirini na mbili bila kidonge. Alikonda, akapata kikohozi, wakambadilishia dawa, sasa anameza mbili na anasema zinamsumbua. Kwaya ameiacha. Hajawahi kunilaumu hata neno moja, na hilo linanichoma zaidi.

Neema alikaa karibu miezi miwili. Alijifungua mtoto wa kike. Wakampima mtoto, akakutwa na virusi.

Mtaniambia si mimi niliyefunga kliniki. Barasa aliniambia hivyo, siku nilipomweleza mwishowe, na hakusogeza kikombe chake, Mungu ambariki. Najua si mimi. Lakini foleni ile ilikuwepo, na kabati lilikuwa limejaa, na muuguzi alikuwa amekaa pale anawasubiri waje. Walibaki nyumbani kwa ajili ya sauti ya mtu, na mtu huyo ni mimi. Mchana nikikaa hapa kibarazani peke yangu, simu ikilia, moyo unaruka kwanza ndipo mkono unainuka.

Safari yangu ya mwisho na Wamarekani ilikuwa Jeddah, bandarini. Uchaguzi wao wa wabunge ulikuwa unakaribia, na njia nzima walikuwa wanatabiri. Alan anasema Punda wanakuja, Roy anasema hawaji, na kama wakija hawatajua la kufanya. Sikuongeza ubaridi. Nilikuwa nimechoka. Tulipokaribia lango Roy aliinama mbele akanishika bega, alikuwa na tabia hiyo tangu siku ile ya jangwani. "Mwadime, mwambie dada yako asihofu tena. Mambo yametulia. Yeyote atakayeshinda, dawa hazitakatwa mara ya pili."

"Hilo ni kweli," Alan akasema. "Hakuna atakayerudia kosa lile."

Wakashuka, wakaingia ofisini. Nami nikampigia Wakesho kumsalimia. Alikuwa kikundini. Akasema, "Kaka, kuna mtu anataka kukusalimia," na kabla sijakataa simu ikabadilisha mkono.

"Shikamoo, mjomba. Mimi Neema."

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia.

"Nimekujua kwa sauti," akasema. "Ile uliyotuma nilikuwa naisikiliza kila siku, hata dawa zilipoisha. Ilikuwa inanituliza."

Nilitaka kumwomba radhi, na neno nilikuwa nimelitayarisha mwaka mzima, lakini nyuma yake nilimsikia mtoto anabwabwaja, anapiga kitu kama sufuria, nikabaki nikimsikiliza huyo.

"Mjomba, nasikia wanapiga kura tena huko. Muuguzi anasema anayeweza aje achukue za mtoto za miezi mitatu, lakini foleni ni ileile, na leo jua ni kali. Wanasemaje hao wako? Watakata tena?"

"Wamesema hawatakata," nikamwambia.

"Nani amesema, yule mmoja au yule mwingine?"

"Wote wawili."

Mtoto alikuwa ameacha kupiga sufuria.

"Wamekubaliana?"

"Wamekubaliana, Neema."

"Basi dada Wakesho, nipe hiyo leso nimfunge mtoto," nikamsikia anasema, simu ikiwa tayari mbali na mdomo wake. "Naenda foleni sasa hivi."